Kamba za Upepo

Daktari alilichora tumbo langu nyuma ya bahasha,
akalipitisha kalamu katikati: hili linatoka, hili linabaki.
Lililobaki lilikuwa na umbo la ndizi.
Nikauliza, kama mjinga, lile jingine mnalipeleka wapi.
Hakujibu. Alinipa karatasi ya vyakula vya majimaji.

Mimi ni mwokaji. Saa tisa za usiku nafungua duka,
saa ambayo hata mbwa wa Punta Arenas wamelala.
Wiki mbili kabla ya kisu nilikanda unga,
kilo arobaini kila alfajiri,
na tumboni mwangu mna supu iliyochujwa.
Chumvi naijua kwa ulimi. Nilionja, nikatema kwenye sinki
kama mwizi anayerudisha mali.
Dada yangu Irma akasema, Ungejizuia tu, Nolfa,
ungefunga mdomo.
Miaka thelathini ananiambia hivyo
huku akinikatia kipande cha pili cha keki.

Usiku wa mwisho nilikula mkate mzima,
nimesimama, taa imezimwa.
Sikumwambia mtu.

Matundu matano,
hakuna lililozidi kifungo cha shati.
Muuguzi akanipa kikombe cha kupimia dawa, kina maji:
Yanywe kwa nusu saa.
Nusu saa!
Haba na haba hujaza kibaba, tuliambiwa;
sasa haba ndiyo kibaba chenyewe.

Wala hawakuniambia kwamba njaa na uchu ni watu wawili.
Njaa ilibaki hospitali, pamoja na lile tumbo.
Uchu nilirudi nao kwenye teksi,
umekaa kiti cha nyuma, umefunga mkanda.

Mwezi wa tatu nywele zikabaki kwenye chanuo.
Mwezi wa nne nilibugia yai kwa haraka
nikaishia sakafuni kati ya magunia,
jasho chapachapa, moyo ukigonga kama mlango usio na komeo.
Mwezi wa tano pete ya ndoa ikapotelea ndani ya unga,
na mikate mia mbili ilikwisha kuuzwa.
Baudilio, mume wangu, akasimama mlangoni
akimwambia kila mteja: Tafuna polepole.
Tafuna kama mke wangu.
Ililetwa kesho yake na Heriberto wa bandarini,
imefungwa kwenye leso pamoja na kipande cha jino lake.
Tukamlipia daktari wa meno.
Siku hizi naivaa shingoni, kwenye uzi.

Usiku mkono wa Baudilio bado unanifuata
pale nilipokuwa nikiishia zamani.
Unapapasa shuka. Unasita.
Kisha unasogea, unasogea, hadi unaukuta mpaka mpya.
Hatujalizungumza hilo.

Mji wetu, upepo ukichachamaa,
hufungwa kamba kwenye kona za barabara
watu wazishike wasichukuliwe.
Maisha yangu yote nilizidharau.
Wembamba walining'inia kama nguo zilizoanikwa,
nami nilipita katikati ya njia, kapu la mikate kichwani pa mtu asiyetikisika,
na watoto wa shule wakajipanga nyuma yangu, msururu,
kwa kuwa nyuma yangu palikuwa shwari.
Walinicheka, naam. Lakini walijipanga.

Juzi upepo ulinisukuma hatua mbili.
Mbili, mimi!
Nikaishika kamba. Ya baridi, ina mafundo,
imelainishwa na viganja vya watu nisiowajua.
Msichana mwenye begi akapaza sauti:
Mikono miwili, mama, shika kwa mikono miwili!
Nikacheka, kisha kicheko kikanikwama.

Mfukoni nilikuwa na ganda la mkate,
ukubwa wa kidole gumba: chakula changu cha mchana.
Nikalitafuna palepale, moja, mbili, hadi thelathini,
kamba mkononi,
nikiwaza ni nani sasa anayewakinga watoto wale.